Askari mwenzako amezidiwa na pombe: namna ya kumsaidia kabla kota gadi haijamla

Wale mlio kambini mnaijua hii stori. Mshahara umeingia, siku mbili tatu kambi inachangamka, muchomo, nyama za kuchoma, kila kona, wiki inayofuata unasikia fulani amelala nje ya geti, mwingine amempiga bibi, mwingine hakuonekana rolikoo ya kuitwa majina, na Jumatatu kota gadi, yaani mahabusu ya kambi, imejaa. Adhabu zinatolewa, fatiki, kufyeka, kuchimba, mwezi unakwisha, mshahara unaingia tena, sura ni zilezile. Mimi nilikuwa medic, yaani mhudumu wa afya, wa kombania katika jeshi la Uganda miaka mingi, sasa nimestaafu, na hii naandikia makoplo, masajini na mabibi walioko line, zile nyumba za familia kambini, wala si majenerali, maana mtu wa kwanza kujua askari anazidiwa sio CO, mkuu wa kikosi, ni yule anayelala naye hanga moja na yule anayempikia.

Ulevi ni kosa jeshini na ubaki kuwa kosa, hapo sibishani na mtu. Hata wakati wa msituni, 1981 mpaka 1986, kanuni za NRA, jeshi la msituni la Museveni, zilikataza pombe mpaka vita viishe, na sababu waliisema wazi, askari mlevi ataitumia vibaya bunduki aliyopewa kulinda wananchi. Lakini adhabu ikiwa ndo dawa peke yake inamfundisha mtu kitu kimoja tu, kujificha vizuri. Na aliyejificha vizuri ndo huyo anakuja kuanguka kwa lindo akiwa na risasi 30 kwa magazini.

Muone mapema

Usitafute mtu anayeyumba. Kuna watu wanamaliza kreti na wanatembea mstari mnyoofu kukushinda wewe mlokole. Tazama asubuhi. Tazama chai. Mtu anashika kikombe kwa mikono miwili kama ana baridi na jua limeshatoka, anakiinamia badala ya kukileta mdomoni, anangoja wengine waondoke ndo anywe. Tazama nani anabadilishana zamu kila siku za mshahara, nani anaanza kukopa tarehe 5, nani anajitolea haraka haraka kwenda senta kununua vitu vya kombania. Peremende mdomoni saa kumi na mbili asubuhi, hiyo nayo ni alama.

Kubwa kuliko zote ni kuzimua. Akishaanza kunywa asubuhi ili mikono itulie, huyo si mtu wa starehe tena, mwili wake umeshaizoea pombe na ukiikosa utamgeukia. Weka hilo akilini, nitalirudia chini.

Piga hesabu, acha kubahatisha

Askari wengi wanahesabu chupa, hawahesabu kilichomo. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu kama 20 za alkoholi. Kile kichupa cha waragi, pombe kali yetu, cha mililita 200, cha asilimia 40, kina gramu 63 hivi, yaani ni bia tatu na zaidi kwenye kitu kinachoingia mfuko wa kombati. (Sashe za kaveera, vile vifuko vya plastiki, zilipigwa marufuku 2019, ndo maana sasa hivi vichupa viko kila mahali.) Waragi ya kienyeji, sijui lira-lira, sijui enguli, haina lebo kwa hiyo nguvu yake huijui, na malwa ndo kabisa, mnazunguka chungu na mirija, maji ya moto yanaongezwa, hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Malwa hesabu masaa aliyokaa pale.

Sasa mwili unaondoa gramu 7 mpaka 10 tu kwa saa. Kahawa haiongezi spidi, maji ya baridi hayaongezi, supu haiongezi, kumkimbiza raundi kumi za kiwanja hakuongezi, inamtapisha tu. Chukua mtu aliyeanza saa moja jioni, bia 3 na kichupa kimoja, hizo ni gramu 123. Mwenye mwili wa haraka anakuwa safi saa moja asubuhi na ushee. Wa polepole mpaka saa sita na nusu mchana. Na wewe umempanga lindo la saa kumi na mbili asubuhi, amelala, ameoga, amepiga saluti vizuri, na bado amelewa. Hii hesabu ibandike ukutani kwa ofisi ya kombania, inasaidia kuliko hotuba.

Kuna maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ya kupima unywaji, yanaitwa AUDIT, medic yeyote anaweza kuyapata. Ukiwa na haraka tumia 3 ya kwanza. Unakunywa mara ngapi: kamwe 0, mara moja kwa mwezi au chini 1, mara 2 mpaka 4 kwa mwezi 2, mara 2 au 3 kwa wiki 3, zaidi ya hapo 4. Siku ukinywa unakunywa vipimo vingapi, kipimo kimoja ni gramu 10 kwa hiyo bia ya nusu lita ni vipimo 2 na kile kichupa ni 6: kimoja au viwili 0, 3 au 4 andika 1, 5 au 6 andika 2, 7 mpaka 9 andika 3, 10 kwenda juu 4. La tatu, ni mara ngapi unafikisha vipimo 6 kwa mkao mmoja: kamwe 0, chini ya mara moja kwa mwezi 1, kila mwezi 2, kila wiki 3, karibu kila siku 4. Jumlisha. Mwanaume akifika 4, mwanamke 3, kuna mazungumzo ya kufanya. Kwa yale 10 yote, kuanzia 8 ni shida, 20 kwenda juu huyo ni wa daktari.

Jaribu kwa koplo ambaye anakunywa wikendi tu, Jumamosi na Jumapili, kichupa na bia mbili. Anapata 3, halafu 4, halafu 3, jumla 10 kati ya 12. Na atakuapia kwamba yeye sio mlevi kwa sababu Jumatatu mpaka Ijumaa hagusi.

Namna ya kuongea naye

Sio paredini. Mtu ukimwimba mbele ya platuni umempoteza hapo hapo, kesho anahamia baa ya mbali zaidi na hakwambii tena kitu. Sio usiku akiwa amelewa, utakuwa unaongea na pombe. Chagua asubuhi baada ya chai, siku ambayo hana lindo, mkae kivulini wawili tu, na uwe na kitu ulichokiona kwa macho yako. Hivi:

"Koplo, kaa hapa. Sikuiti kwa kesi."

"Ndio afande."

"Jumanne ulishindwa kufunga vifungo vya shati, nikakuona. Na wiki hii umeomba kubadilisha lindo mara mbili. Kuna nini?"

"Ni malaria afande, bado iko kwa mwili."

"Sawa, medic atakupima leo. Na mimi nakuuliza kitu kingine, jana ulikunywa saa ngapi ya mwisho?"

Hapo nyamaza. Wengi wetu tunashindwa hapo, tunauliza swali halafu tunajijibu wenyewe na mahubiri juu yake. Ngoja. Mtu akisema "saa nane usiku afande" amekupa zawadi, usiirushe kwa kupiga kelele. Muulize yeye mwenyewe pombe inampa nini na inamchukulia nini. Atasema usingizi, atasema mawazo, atasema madeni. Mwisho mkubaliane jambo moja dogo lenye siku, kwa mfano kesho saa tatu tunaenda wote kwa medic. Wote, usimtume peke yake.

Kama ni mkubwa wako, ni afande wako kabisa, usijaribu kumkemea. Nenda kwa medic au kwa political commissar, yule afisa wa siasa wa kikosi, sema ulichoona bila kuongeza chumvi. Mkubwa naye anatetemeka kikombe kama watu wengine.

Hapa soma mara mbili

Mtu anayekunywa kila siku na kuzimua asubuhi, usimkatie pombe ghafla ukamfungia kota gadi ukaenda zako. Masaa 6 mpaka 24 baada ya pombe ya mwisho anaanza kutetemeka, jasho, moyo mbio, kutapika, usingizi hakuna. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi maisha yake yote. Siku ya pili ya tatu hivi wengine wanaanza kuweweseka, anaona wadudu ukutani, anaongea na watu ambao hawapo, mwili unawaka, hajui yuko wapi. Hali hiyo inaua. Na kambini unasikia wanasema ni mapepo, amelogwa na mwanamke wa Kismayu, wengine wanasema anajifanya ili akwepe kesi.

Kwa hiyo aliyefungwa akiwa mlevi wa kila siku, afande wa zamu aandike saa alipokunywa mwisho na medic aitwe siku hiyohiyo. Asiachwe peke yake. Apewe maji, apewe chakula, alazwe ubavu kama amezima. Dawa inayotuliza ni diazepam au dawa nyingine ya kundi hilo, kwa kipimo cha mhudumu wa afya, sio ile koplo fulani ananunua duka la dawa. Na vitamini B1, thiamine, hiyo msiisahau medic wenzangu. Mlevi asiyekula vizuri ukimtundikia dripu ya glukosi bila thiamine unaweza kumharibu ubongo, itangulie au ziende pamoja. Malaria mpime pia, na sukari, maana anaweza kuwa na vyote. Kifafa, kuweweseka, homa kali, kutapika damu, hapo hakuna kungoja asubuhi, gari itafutwe aende hospitali. Kwa karatasi ya rufaa andika mambo manne: pombe ya mwisho saa ngapi, anakunywa kiasi gani kwa siku, amewahi kuanguka kifafa au la, dawa gani umeshampa.

Na waragi ya kuchakachua. 2010 kule Kabale watu wengi walikufa kwa waragi iliyokuwa na methanol, alkoholi ya sumu. Dalili zake zinachelewa, anaamka vizuri tu, baadaye kichwa kinauma, tumbo linakata, anahema haraka, macho yanaona ukungu. Mtu akikwambia macho yake yana ukungu baada ya kunywa, mpeleke hospitali na chupa yenyewe, na watafute haraka wote waliokunywa naye.

Bunduki

Hili fupi. Mtu uliyemtilia shaka, bunduki irudi stoo kabla ya mazungumzo, sio baada. Mpangie kazi nyingine bila makelele, jiko, ofisi, shamba la kambi. Na muulize wazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani, hayo ni maneno ya watu, kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndio, asilale peke yake usiku huo na aonwe na daktari.

Usingizi na waliorudi misheni

Tangu 2007 vijana wetu wanakwenda Somalia, tangu mwisho wa 2021 wako Congo kwa Operesheni Shujaa, na wengine mlikuwa kaskazini miaka ile ya vita. Mtu anarudi na posho imekusanyika, likizo ndefu, hana ratiba, na usiku anasikia milipuko. Anagundua kichupa kimoja kinamlaza. Kweli kinamlaza, lakini saa nane usiku kinamwamsha na ndoto mbaya kuliko mwanzo, ni kama kukopa kwa mkopeshaji, unalala leo unalipa usiku tatu. Huyo ukitibu pombe peke yake umefanya nusu ya kazi. Muulize ndoto, muulize kama anashtuka mlango ukigonga, kama anakwepa watu, na hayo uyapeleke kwa daktari pamoja na pombe. Wakubwa nao, mtu akitoka misheni msimwache miezi bila kazi ya kueleweka.

Sente na kantini

Ukitaka kujua ukweli wa mlevi uliza ATM kadi iko wapi. Mara nyingi iko kwa mama wa baa au kwa mkopeshaji, pamoja na namba ya siri, na tarehe ya mshahara ni yule mwingine anakwenda kutoa. Hapo ushauri peke yake hausaidii kitu. Muende wote benki, kadi izuiwe, apewe mpya na namba mpya, halafu deni la kweli liandikwe na lilipwe kidogo kidogo mbele ya mtu wa tatu. Kama yuko Wazalendo SACCO, chama cha akiba cha askari, aongeze kiasi anachokatwa kabla mshahara haujamfikia, na bibi ajue. Sente ambayo haikupita mkononi hainywewi.

Kantini ni jukumu la kamanda na mimi sitazunguka. Isifunguliwe asubuhi, isiuze kwa deni, isimuuzie mwenye zamu, vinywaji baridi na chai viwepo kwa bei ya kawaida. Na mabibi wanaopika waragi line, msikimbilie kumwaga mitungi na kuwapiga, wengi wanasomesha watoto na hiyo. Wape muda na kitu kingine cha kuuza, chapati, rolex ile ya chapati na mayai, mboga, kushona, afu ndo ufunge. Ukimwaga bila mpango itahamia nyuma ya ukuta, kule ambako medic haendi. Wakubwa mnaosherehekea kila cheo kipya kwa kreti, askari wanawaona. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linagawa ramu kila siku kama posho mpaka 1970, wakaacha, na meli bado zinaelea.

Mama nyumbani

Bibi wa askari, usimtilie dawa ya kuacha pombe kwa mchuzi kimyakimya. Naijua hiyo biashara, mtu anakuuzia unga anakwambia ataacha ndani ya wiki. Kuna dawa ya kweli inaitwa disulfiram, ukiinywa halafu ukanywa pombe mwili unageuka, moyo unakimbia, presha inashuka, mtu anaweza kufa. Inatolewa na daktari na mnywaji mwenyewe akiwa anajua na amekubali. Flagyl ile ya tumbo nayo haichanganywi na pombe wala na hiyo disulfiram. Na kama yuko kwa ARV, siku amekunywa asiruke dawa, ameze kama kawaida, kuruka ndo hatari.

Akirudi amelewa usibishane naye usiku huo. Ficha funguo, toa watoto, lala kwa jirani ikibidi. Akikupiga hiyo sio pombe imekupiga ni mtu, na una haki ya kwenda kwa political commissar wa unit au polisi kwa ofisi ya familia na watoto, na namba 116 inapigwa bure. Kuripoti sio kumfukuzisha kazi kama wanavyokutisha pale bombani.

Hospitali, na akianguka tena

Kwa mwenye alama kubwa kwenye yale maswali au aliyewahi kuanguka kifafa, anza na hospitali ya jeshi iliyo karibu, Bombo, Mbuya, Nakasongola, waulize rufaa ya Butabika kule Kampala, wana kitengo cha pombe na madawa. Aende na ruhusa iliyoandikwa, isije ikasomeka ametoroka. Akitoka, vikundi vya AA, watu wanaosaidiana kuacha pombe, viko Kampala, na pale kambini mtafutie aliyeacha zamani wawe wanaongea, kila kambi yuko mmoja hata kama hajitangazi.

Na asirudishwe kwa kazi ya kusimamia kantini, bambi, nimeona hilo likifanyika kwa macho yangu. Mpe kazi ya asubuhi, mpe kitu kinachomtegemea, ng'ombe wa kambi, timu ya mpira, makuruta wa kufundisha drili. Bunduki irudi taratibu, baada ya daktari kusema.

Wengi wanaanguka, hasa miezi mitatu ya kwanza, na hasa mshahara wa kwanza baada ya kutoka. Akianguka usianze na kota gadi kana kwamba yale yote hayakuwahi kufanyika. Muulize siku hiyo ilikuwaje, alikuwa na nani, sente ilitoka wapi, palepale pazibwe. Kama alikunywa siku moja, anaendelea na mpango wake. Kama ameshakunywa wiki nzima mfululizo na anazimua, mrudishe kwa medic kabla hajaacha mwenyewe, kwa sababu ya ile hatari ya kukatika ghafla. Yale maswali matatu muulize tena baada ya mwezi, na mwezi wa tatu, na wa sita, uandike namba kwa daftari ambalo wewe na medic tu mnaliona, na ukihamishwa mkabidhi sajini anayeingia kwa mkono, ukimweleza ni nani na amefikia wapi.